Jibu: Bosi kachezea mizani, na mpimaji ni mimi

Pole ndugu. Nimekuelewa: unapima mahindi ghalani, mizani imechezewa, mkulima anapoteza kilo mbili tatu kila gunia, na ukiacha kazi watoto watakula nini. Mimi nilipima korosho misimu miwili. Najua inavyouma mzee akihesabu hela pungufu huku anakushukuru.

Kwanza hakikisha. Pima ndoo tupu, kisha itie maji lita 20. Uzito uongezeke kilo 20. Tazama pia stika ya Wakala wa Vipimo, maana mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka.

Halafu ongea na bosi faraghani. Usianze na Mithali 11:1, ingawa mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Atakuona mlokole tu. Anza na faini, na wakulima watakaohamia kwa jirani yake. Amosi 8:5, inayowakemea wafanyabiashara wa mizani ya udanganyifu, ibaki yako wewe.

Akikataa, omba kuhamia kwenye kushona magunia huku ukitafuta kazi pengine. Karatasi za uzito usisaini, kesi ikija jina ni lako. Taarifa unaweza kuipeleka ofisi ya vipimo ya mkoa kimyakimya. Akikufukuza, muone afisa kazi au mwanasheria haraka: shauri la kuachishwa kazi hupelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30.

Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), lakini hela za dhuluma alikula mwenyewe. Wewe usijibebeshe deni la bosi. Wakulima unaowafahamu waambie tu wapime nyumbani kabla ya kuja.