Zima hicho kidude

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Historia za jamii zetu zihifadhiwe wapi: makumbusho, mtandaoni, au vichwani mwa wazee?" Nimelisoma swali hilo usiku, usingizi ukaruka. Kwangu mimi "wapi" si tatizo. Tatizo ni nani kakuruhusu.

Huku kusini ukitaja urithi, watu wanarukia mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi. Wajerumani wamechimba 1909 hadi 1913, babu zetu wakabeba mifupa kichwani hadi bandari ya Lindi, na tangu 1937 mjusi kasimama Berlin. Arudishwe, asirudishwe, tunabishana hadi kahawa inapoa. Sawa, lakini mjusi hana ukoo wa kuaibika. Mweke popote. Maneno ya watu ni kitu kingine.

Msimu wa korosho wa 2014 nilipanda Newala kumwona bibi mzaa mama. Nilikuwa na simu mpya, nikataka kurekodi habari za ukoo kabla hajatuacha. Nilimkuta barazani anabangua korosho za kula nyumbani, zimechomwa juu ya bati hadi nyeusi ti. Mikono kaipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze. Anaweka moja juu ya jiwe, anagonga mara moja tu, ganda linaachia, kiini kizima kinaangukia ungoni. Nilijaribu tatu, nikatoa chenga tupu, nikahamishiwa kazi ya kuzoa maganda. Tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni la Wamakonde, bado lilionekana kwenye mdomo wake wa juu, ingawa ndonya yenyewe aliacha kuivaa zamani.

Alizungumza vizuri mno. Walivyoshuka bondeni kabla ya jogoo kufuata maji, maana juu kule hakuna mto, na walivyopanda na mitungi jua likiwaka. Nani alivuka Ruvuma, nani alimfuata nani. Akafika kwa mwanamke mmoja, mkono ukabaki hewani.

"Zima hicho kidude, mume wangu."

(Asiyejua utani wa bibi na mjukuu aulize jirani.) Nikabonyeza, kioo kikawa cheusi. Kioo tu. Rekodi iliendelea, na nilijua inaendelea. Hilo sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Akasema: mwanamke yule alikuja msichana, alitolewa kaniki na baruti, na tumbo la pili la ukoo wetu lote limetoka kwake. Neno mtumwa hakulitamka hata mara moja. Alisema "aliyeletwa".

Bibi alifariki 2017. Siku ya arobaini, kwa uchungu na kwa kujionyesha pia, nikaitupia rekodi nzima kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Haikupita saa, mjomba akapiga simu, neno moja: "Umemaliza?" Wakati huo kulikuwa na mvutano wa mikorosho ya bibi, nani achukue mistari ipi. Mtu mmoja akaandika, "Kumbe wenzetu ni wa kuletwa." Binamu yangu wa tumbo lile akajitoa kwenye kundi. Mama mdogo wa Tandahimba, mama yake huyo binamu, hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo, msibani wala harusini. Nilifuta, lakini kila mtu alishapakua.

Na mimi ndiye niliyekuwa namsema Karl Weule! Yule mtafiti wa Kijerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 na mashine ya kunasa sauti, nyimbo zetu zikaingia kwenye silinda za nta na kupelekwa Ujerumani. Yeye angalau mashine yake ilionekana.

Kwa hiyo nilipoanza barua hii nilitaka kuandika: waacheni wazee na siri zao. Nimefika hapa, mkono unasita. Mwezi uliopita binti wa binamu yule, anasoma chuo, alinipigia akataka aje asikilize. Nikatoa kadi ya simu yenye rekodi ile kwenye kiberiti ninamoifungia. Alisikiliza kimya, ko, ko, ko ya korosho na jogoo nyuma yake. Tulipofika kwa "aliyeletwa" akaniomba nirudishe nyuma, akauliza: "Jina lake hakulitaja?" Alilitaja. Akaliandika kwenye daftari, akaondoka nalo.

Basi jibu langu, kama bado mnalihitaji: rekodini. Msiweke mtandaoni, msitume kwenye kundi, anayetaka aje asikilize mkiwa mmekaa. Na mzee akisema zima, zimeni. Ila mimi, ningerudishwa barazani siku ile, nadhani bado nisingezima. Naandika haya nikijua mama mdogo analisoma jarida hili kila wiki. Shikamoo, mama.

Msomaji wenu, Mtwara Mjini