Usiichapishe Anga Kwenye Kitambaa

Gauni la kwanza nililolishona huku nikiiwaza anga lilinitoa machozi. Mteja alitaka vazi jeusi, "kama usiku wenye nyota", nami nikaona nimepata kazi niliyoingojea tangu nijue kushika sindano. Nikachukua satini nyeusi, nikapiga mistari kwa rula na chaki, nikatia alama kila baada ya sentimita 4, na juu ya kila alama nikashonea shanga ya rangi ya fedha. Zilikuwa zaidi ya mia tano. Nilipolivika sanamu na kurudi nyuma hatua chache, sikuuona usiku. Niliona kitambaa cheusi chenye madoa yaliyojipanga kama miraba ya daftari la hesabu.

Usiku uleule nilitoka nje nikatazama juu kwa muda mrefu, kwa macho ya fundi safari hii. Hakuna rula kule. Mahali pengine nyota zimesongamana, mahali pengine ni patupu kabisa. Tazama Kilimia: mtu mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au saba zilizobanana, ingawa kundi zima lina nyota zaidi ya 1,000, na pembeni yake kuna kipande kikubwa cha giza. Kilimia kinaonekana kwa sababu ya giza hilo. Mimi nilikuwa nimelijaza giza lote shanga.

Kwa hiyo ukitaka kutia mapambo yanayometa, fanya hivi. Tandaza kitambaa mezani, jaza shanga kiganjani, nyoosha mkono juu kisha zimwage. Usizisogeze hata kama mkono unakuwasha. Zipige picha kwa simu, tia alama ya chaki kila ilipoangukia shanga, halafu punguza theluthi moja, ukianzia pale zilipoachana. Zilizobanana ziache zibanane. Utaona sehemu tupu inaanza kufanya kazi yake.

Kosa jingine nililiona kwa wenzangu kabla sijalikuta kwangu. Mwambie mbunifu chipukizi atengeneze vazi la anga. Mara nyingi ataingia kwenye intaneti, atapakua picha ya wingu la gesi lenye zambarau na waridi, ataichapisha kwenye kitambaa chepesi na kukata gauni. Mezani kinapendeza kwelikweli. Kikishavaliwa, mvaaji hupotea, kwa kuwa macho ya watu yanaisoma picha na mwili umekuwa ukuta wa kuitundikia.

Picha zile zenyewe zina funzo zuri zaidi ya sura yake. Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani tarehe 25 Desemba 2021, hukusanya miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Picha zake huanza zikiwa nyeusi na nyeupe, kila moja imepitia kichujio chake. Wataalamu ndio huzitia rangi, na hawatii kwa kubahatisha: mawimbi mafupi zaidi hupewa buluu, marefu zaidi hupewa nyekundu, na ya katikati hufuata mpangilio huohuo. Kila rangi pale ina sababu yake. Anayeinakili picha huondoka na rangi akaiacha sababu.

Tangu nilipoelewa hilo, huandika kanuni ya rangi kabla sijanunua hata mita moja ya kitambaa. Niliwahi kushona mavazi sita kwa kanuni moja tu: sehemu inayojongea sana, kama mikono na ncha ya sketi, ipate rangi nyepesi, sehemu iliyotulia, kama mabega na kiuno, ipate rangi nzito. Kitambaa kimoja cha njano nilichokipenda mno kilikosa nafasi, nikakirudisha rafuni kwa uchungu. Lakini mavazi yale sita yaliposimama pamoja, yalionekana kuwa ya familia moja bila kufanana.

Na usiamini kila ulichofundishwa kuhusu rangi ya joto na rangi ya baridi. Katika kundi la Jabari, ambalo vitabu vingi huliita Orion, kuna nyota nyekundu iitwayo Betelgeuse na nyingine yenye weupe wa kibuluu iitwayo Rigel. Uso wa Betelgeuse una joto la takriban nyuzi 3,300 za Selsiasi. Rigel inapita nyuzi 11,000. Buluu ndiyo yenye moto mkali. Siku moja nilitia bitana ya buluu angavu ndani ya koti la kijivu, mahali ambapo kwa mazoea ningetia nyekundu, na kila koti lilipofunguka ni kama taa imewashwa. Sijarudi nyuma tangu hapo.

Sasa tuje kwenye mvutano wa Dunia, na hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo lililonibadilisha zaidi.

Kitambaa hakiujui mchoro wako. Kinajua uzito wake, kinajua mahali kilipotundikwa, na kinajua chini ni wapi. Nguvu inayokivuta ndiyo hiyohiyo inayoushika Mwezi uizunguke Dunia. Niliwahi kujiuliza kwa nini sayari ni za duara ilhali mawe madogo yanayozunguka Jua huwa na umbo lolote tu, yenye vibonde na pembe. Jibu lake ni funzo la ushonaji. Jiwe dogo lina mvutano hafifu, kwa hiyo ukakamavu wake unashinda na umbo lake linabaki. Likiwa kubwa kiasi cha kilomita mia kadhaa kutoka upande hadi upande, uzito unaushinda ukakamavu, kila sehemu inavutwa kuelekea katikati, na jiwe linakuwa duara.

Kila kitambaa kina ugomvi huo kati ya uzito na ukakamavu, na mshindi hubadilika kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa. Nililijua hili kwa hasara. Nilichagua kitambaa cha mikono mipana kwa kutumia kipande cha mfano kisichozidi kiganja. Nilikishika pembeni, kikasimama wima kama karatasi, nikaridhika. Nilipokata mkono mzima, kitambaa kilekile kikalala chali. Upana wote niliouchora ukaning'inia kama mfuko mtupu. Kipande kile kidogo hakikunidanganya. Kilinieleza ukakamavu tu, kwa sababu hakikuwa na uzito wa kutosha kunieleza habari ya uzito. Basi usinunue kitambaa kwa kipande cha kiganja. Omba kifunuliwe angalau mita mbili, kishike sehemu moja kwa vidole viwili, kiache kianguke, na usikiguse mpaka kitulie. Tazama mikunjo inaanzia wapi na mingapi inafika chini. Mikunjo hiyo ndiyo mchoro wako wa kwanza, na mara nyingi ni mzuri kuliko ule wa penseli.

Aliyeutumia mvutano kwa ustadi mkubwa kuliko wote ninaowajua ni Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mavazi jijini Paris mwaka 1912. Alikata kitambaa kwa mshazari, kwa pembe ya digrii 45 dhidi ya nyuzi za urefu na za upana, na akikigeuza hivyo, kitambaa kisichovutika huanza kuvutika na kuufuata mwili. Hakuanza na karatasi. Alizungushia kitambaa kwenye sanamu ndogo ya mbao, akakiacha kianguke, akaona. Ukikata mshazari, tafadhali usipinde pindo siku hiyohiyo. Litundike vazi usiku na mchana, hata siku mbili ikiwezekana. Sketi yangu ya kwanza ya mshazari niliipinda jioni niliyoikata, na baada ya wiki mbili upande mmoja ulikuwa umeshuka sentimita 3. Mteja hakusema neno, ila niliona namna alivyokuwa akiivuta sketi kiunoni.

Jambo linalofuata halivutii watu, wala halionekani kwenye picha, nami nakuomba usiliruke. Ni kipimo.

Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo chenye upana wa mita 2.4, kilichosuguliwa kwa usahihi wa ajabu. Picha za kwanza zikaja na ukungu. Ilibainika kwamba kioo kilikuwa bapa kupita kiasi ukingoni, kwa kadiri ya mikroni 2 hivi, sawa na sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Mafundi hawakuwa wazembe wa mkono. Walikisugua kioo sawasawa na kifaa chao cha kupimia kilivyowaambia, na kifaa chenyewe ndicho kilichokuwa na kasoro: lenzi yake moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Linaloniuma zaidi katika kisa hiki ni kwamba vipimo vingine vya kawaida vilikuwa vimeonyesha kuna tatizo, vikapuuzwa kwa kuwa kile kifaa kikuu kiliaminiwa zaidi. Wanaanga walikwenda kutia vifaa vya kurekebisha Desemba 1993.

Niliposoma habari hiyo nilichukua futi yangu ya kitambaa, niliyoitumia miaka mingi, nikailaza kando ya rula ya chuma. Ilikuwa imevutika: mita yangu moja ilizidi kwa karibu sentimita 1. Nikakumbuka nguo zote zilizorudishwa kwa kulegea, na jinsi nilivyokuwa nikilaumu kitambaa, cherehani, hata miili ya wateja. Leo futi mpya haianzi kazi kwangu kabla ya kupimwa kwa rula ya chuma, na kila baada ya miezi michache naipima tena. Ukiona nguo tatu zinafuatana kukosea upande uleule, acha kurekebisha nguo na ukipime kipimo.

Kama unadhani namkuza fundi cherehani kwa kumweka karibu na wahandisi wa anga, kumbuka nani walishona mavazi yaliyovaliwa Mwezini Julai 1969. Walikuwa wanawake wa cherehani wa kampuni ya ILC, iliyokuwa ndugu na watengenezaji wa sidiria wa Playtex. Walishona kwa usahihi wa takriban milimita 0.8, tabaka juu ya tabaka, na matumizi ya pini yalidhibitiwa vikali, kwani pini moja ikisahaulika ndani ingeweza kutoboa tabaka linaloshikilia hewa ya mwanaanga. Mimi hushona nikizikumbuka sana pini zile. Sasa nazihesabu zangu asubuhi na jioni.

Kuhusu yaliyofichwa ndani ya vazi nitasema kwa ufupi. Mwaka 1970 mtaalamu wa nyota Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda: sehemu zake za nje zilizunguka kwa kasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa kutokana na maada inayoonekana. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyowafanya wataalamu wa nyota waichukulie kwa uzito maada giza, yaani maada isiyoonekana, ambayo leo inakadiriwa kuwa karibu mara tano ya maada ya kawaida. Huiona kola iliyosimama vizuri kwa jicho hilohilo. Kile kitambaa kigumu kilichofichwa katikati, bitana, utepe uliozuia bega lisivutike, mshono wa mkono usioonekana nje: vitu hivyo ndivyo vinavyolishika vazi. Bajeti ikibana, punguza mapambo ya nje kabla hujagusa ya ndani.

Bado utauliza, basi nisitumie nyota kabisa? Tumia, lakini ziwe zako. Mbunifu wa mavazi Elsa Schiaparelli alikuwa na ndugu wa upande wa baba yake, Giovanni Schiaparelli, mtaalamu wa nyota aliyejulikana kwa kuichora Mirihi mwaka 1877. Giovanni alimwambia kwamba vidoa vya shavuni mwake vimejipanga kama nyota saba za Dubu Mkubwa. Elsa alikichukua kitu ambacho wengine wangekificha kwa poda, akakifanya alama yake, na majira ya baridi ya 1938 alitoa mkusanyo mzima wa mavazi uliotokana na nyota. Ndiyo maana nikipewa kazi ya anga siku hizi, kabla ya kuchora chochote namuuliza mteja swali moja: ni usiku gani unaoukumbuka?

Swali hilo nilimuuliza kwa mara ya kwanza yule mteja wa satini nyeusi, nilipompigia simu kumwomba anipe wiki mbili zaidi. Alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza usiku mmoja alipokuwa mtoto, amebebwa begani, kichwa kimeegemea nyuma, akiona nyota upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili ulizibwa na shingo ya aliyembeba. Nikafumua shanga zote. Nikarudisha mia moja na arobaini, zote zikianzia bega la kushoto na kumwagika mgongoni, upande wa kulia nikauacha mweusi mtupu. Sketi niliikata upya kwa mshazari, nikaitundika siku mbili, ndipo nikapinda pindo. Alipokuja kulijaribu hakutazama kioo mara moja. Alipeleka mkono begani kwanza, akazipapasa shanga zilipobanana, akabaki ameushikilia pale.