Kabla hujasema "mimi nilijua"

Oklahoma City Thunder walipoifunga Indiana Pacers mchezo wa saba Juni 2025 na kubeba ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kulikucha Unguja kukiwa na wajuzi kila baraza. Mchezo ulianza saa tisa usiku kwa saa zetu. Waliokesha walijua, waliolala walijua zaidi, na jina lilikuwa moja, nyota wa Thunder. "Shai? Mimi nilisema zamani kama huyu atakuwa moto." Ulimwambia nani, yakhe? Hapo ndipo sauti inapopungua.

Maana Julai 2019 naikumbuka vizuri. Los Angeles Clippers walimchukua Paul George kutoka Oklahoma City, wakamtoa Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari na nafasi tano za raundi ya kwanza ya drafti, yaani ule mchujo wa kila mwaka ambao timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Maskani yetu pale Michenzani, ubishi wote ulikuwa juu ya George na Kawhi Leonard, nyota mwingine waliyemsajili wakati ule ule: watachukua ubingwa mmoja au mitatu? Shai alitajwa mwisho, kama chenji. Ubingwa Clippers hawakuuona, Shai akawa mchezaji bora wa msimu 2025, na moja ya zile nafasi ndiyo iliyomleta Jalen Williams mwaka 2022. Kukosea namna hiyo si kitu, kubahatisha ndiyo raha yenyewe. Kibaya ni kusahau ulichosema, halafu Oktoba ukaja na makosa yale yale umeyavalisha majina mapya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wapenzi wa kikapu: wekeni daftari. La skuli linatosha, lile lenye jadweli ya kuzidisha nyuma. Sisi Oktoba, msimu unapokaribia, kila mtu anasema lake na mwenye hati nzuri anaandika jina, tarehe, utabiri na sababu. Juni fainali zikimalizika linasomwa kwa sauti. Zamani aliyevurunda kuliko wote alikuwa akiwanunulia wenzake kahawa na kashata, mpaka mzee mmoja akasimama siku moja akatuuliza hii ina tofauti gani na kamari. Tulijaribu kumjibu, tukashindwa. Siku hizi kila mtu anajinunulia chake na aliyekosea anatoa maelezo tu, na imekuwa nafuu kubwa, kwa sababu palipokuwa na gharama watu walikuwa wanaukana mwandiko. Ndiyo maana wenye mikeka ya kubeti siwataki katika mazungumzo haya. Mtu aliyeliwa pesa hakumbuki sababu, anakumbuka hasara.

Safu ya sababu msiiache tupu, hata kama mtu anaona uvivu. Mwenzetu mmoja, ujanani alikuwa akicheza senta, yule mrefu wa chini ya ringi, aliandikisha hivi juu ya Nikola Jokić wa Denver: "Mnene, haruki, hafiki mbali." Hakuwa peke yake duniani. Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, na jina lake lilipita chini ya skrini wakati televisheni ya Marekani inaonyesha tangazo la chakula. Akaja kuwa mchezaji bora wa msimu 2021, 2022 na 2024, na Denver wakatwaa ubingwa 2023. Siku ya kusomewa, jamaa hakujificha. "Someni tena polepole. Mnene? Alikuwa mnene. Haruki? Mpaka leo haruki." Na kweli! Macho yake hayakumdanganya hata kidogo. Kilichomwangusha ni imani kama senta lazima aruke, na hiyo hakuiandikisha kwa sababu hakujua kama anayo. Jokić anauona mwanya kabla haujafunguka, na mpira unamfikia mwenzake kabla beki hajageuka. Ruka ya nini?

Tangu siku hiyo yule bwana akisimama pembeni ya kiwanja jioni kuangalia vijana wakifanya mazoezi, hamtazami anayening'inia kwenye ringi. Anamtazama mtoto anayegeuza shingo kulia na kushoto kabla ya kupokea pasi. Basi na wewe ukikosea jiulize: nilichokiona kilikuwa uongo, au kilikuwa kweli ila sicho kilichohitajika? Wa kwanza dawa yake ni kuangalia mechi nyingi zaidi. Wa pili anaweza kuangalia mechi elfu na bado akosee vile vile.

Kuna utabiri mwingine unataka adabu yake peke yake. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, akiwa wa pili katika drafti nzima. Nyuma yake wakafuata James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Leo kila mtu anacheka, lakini usiku ule nani hapa kwetu alikuwa na habari na Curry? Tulitabiri Thabeet atatawala chini ya ringi miaka kumi. Msimu wake wa kwanza haujaisha, akapelekwa kucheza ligi ndogo. 2011 akahamishiwa Houston, na 2012 akafika Oklahoma City, ambako kwa muda mfupi walikuwa timu moja na Harden, kabla Harden naye hajauzwa Houston mwezi wa Oktoba. Ajabu ya mchezo huu.

Mimi sikubali utabiri wa Thabeet uwekwe fungu moja na ule wa Jokić. Haukutokana na kuangalia, ulitokana na mapenzi, na mapenzi hayo hayakuwa na kosa: Mtanzania alikuwa amesimama jukwaani New York anapewa mkono na kamishna wa ligi. Kosa ni kuyaita uchambuzi. Katika daftari letu siku hizi mtu akiandikisha jambo kwa sababu ya moyo anatiwa alama pembeni, "natamani". Likienda mrama hasomewi kwa kejeli. Na anayemdhihaki Thabeet mwenyewe huwa namuuliza yeye alichaguliwa wa ngapi.

Sasa haya ya kubadilishana wachezaji ndiyo yanayovunja watu. Usiku wa habari, macho yanakwenda kwa jina kubwa, na aliyepokea jina kubwa anatangazwa mshindi. Machi 2012 Golden State walimtoa Monta Ellis wakamchukua Andrew Bogut, aliyekuwa majeruhi. Mashabiki wao wenyewe wakamzomea mwenye timu hadharani, asiweze hata kumaliza hotuba kwa utulivu. Miaka mitatu baadaye walikuwa mabingwa. Mwaka 2017 Indiana waliambiwa wameibiwa walipomtoa Paul George, huyu huyu, wakapata Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Sabonis akaja kubadilishwa kwa Tyrese Haliburton Februari 2022, na Haliburton ndiye aliyewafikisha fainali 2025, mpaka alipokatika mshipa wa kisigino katika ule mchezo wa saba. Yaani timu zote mbili za fainali ile zilijengwa kwa kumuuza George, na George mwenyewe alikuwa Philadelphia anaangalia. Hakuna aliyetabiri hilo, na anayesema alitabiri mwambieni alete daftari.

Jingine: mechi nyingi huku kwetu zinaanguka usiku wa manane hadi alfajiri, kwa hiyo wengi tunahukumu kwa vipande vya simu. Kipande hakikuonyeshi mchezaji anavyorudi kulinda, wala anavyokaa benchi akitolewa. Kama hukuangalia mchezo mzima, andika "nimeona vipande" na uwe mpole. Ramadhani inaponasibiana na msimu ndiyo nafasi nzuri, watu wako macho kwa daku na mechi zinaendelea. Robo tatu ya ujuzi wangu wa ulinzi wa timu nimeupata nikiwa na bakuli la uji mkononi.

Luka Dončić bado anatuumiza vichwa. Habari ya Dallas kumpeleka nyota wao huyo Los Angeles Lakers na kumchukua Anthony Davis ilitufikia Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, kama saa mbili asubuhi, watu wako kwenye chai. Wengi walidhani akaunti ya mwandishi aliyeitoa imeingiliwa. Chai haijapoa, hukumu imeshatoka: Dallas wamerogwa. Mei wakashinda bahati nasibu ya drafti, inayoamua nani achague wa kwanza, wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu, wakamchukua kijana Cooper Flagg, na baadhi ya wenzetu wakaanza kugeuka polepole. Novemba meneja aliyemuuza Luka akafukuzwa kazi, wakageuka tena. Mwenye daftari wetu amekataa kuufunga mstari huo wa Luka. Dallas walipewa pia nafasi ya Lakers ya raundi ya kwanza ya 2029, na mtoto atakayechaguliwa kwa nafasi hiyo huenda sasa hivi yuko skuli anafanya mtihani. Kila ukisomwa watu wanapiga kelele ufungwe, na kila mara anaandika tena "2029" kwa kalamu nyekundu.