Jibu: Shemeji anadai uthibitisho, nimekwama

Shalom ndugu. Nimekuelewa hivi: shemeji yako anakusikiliza vizuri, ila ukifika kwenye ufufuo anasema "thibitisha", unamrushia mistari, mnaishia kubishana.

Kwanza angalia kama swali lake ndilo hilo kweli. Muulize mkiwa wawili tu, si mezani mbele ya familia: kuna jambo lilikukwaza? Jirani yangu alinibishia sana habari za safina ya Nuhu. Kumbe kilichomkaa moyoni ni michango. Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, na wazee wa kanisa wakapiga hodi kudai ahadi ya ujenzi. Hapo safina haina kazi. Nilimsikiliza, nikamwambia walikosea.

Kama ni ufufuo kweli, acha kurukaruka. Someni 1 Wakorintho 15 pamoja, pole pole. Paulo mwenyewe anakubali pale kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ni bure, na anataja waliomwona, wengi wao wakiwa bado hai alipoandika. Mtu wa kudai ushahidi huheshimu hilo kuliko "wewe amini tu". Akitaka kuendelea, mpe Marko: sura 16, fupi kuliko Injili nyingine zote.

Kama ataamini, siwezi kukuahidi. Hata Athene (Matendo 17) wengine walimdhihaki Paulo, wengine wakasema watamsikiliza tena, baadhi wakaamini. Shemeji yako naona yuko kundi la katikati. Ila zile meseji za mistari unazomtumia kila asubuhi, simamisha kwanza.