Barua kwa mwanangu: ugonjwa ule na ukoo wako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza utawajibu nini wakwe watarajiwa wakitaka kujua magonjwa ya ukoo wako, maana uliletwa kwetu na Afisa Ustawi wa Jamii kwa malezi ya kambo, ndugu zako wa damu hatuwafahamu, na ukiwa na miaka 6 ukaugua saratani.

Waambie kwamba saratani yako ile, limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, si ugonjwa wa ukoo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, alisafiri kwa gari mwaka 1961 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini akiulizia hospitali baada ya hospitali, akabaini kuwa unawapata watoto wa maeneo ya joto na mvua, yaliko malaria, na kwamba kwenye miinuko yenye baridi ni nadra. Mwaka 1964, wanasayansi wa London wakagundua kirusi katika chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Kampala. Kirusi hicho karibu kila mtoto wa kwetu hukipata. Kikikutana na malaria ya mara kwa mara, baadhi yao, wachache sana, huugua. Hata ungezaliwa tumboni mwangu, hapa kandokando ya Ziwa Victoria, ungeweza kuupata.

Uvimbe ule hukua upesi mno, na kwa sababu hiyohiyo husikia dawa upesi. Taya lako lilikuwa limefura, magego yamelegea hata ukiyasukuma kwa ulimi yanacheza. Pale hospitali ya Bugando, Mwanza, ulitundikiwa dripu za siklofosfamaidi na vinkristini, dawa za saratani, ukachomwa na sindano za uti wa mgongo ulizozililia sana, na kabla ya duru ya pili ya dawa ukaomba ugali kwa dagaa, ukautafuna mwenyewe. Mimi na baba yako tulitoka nje tukalia.

Ugonjwa huu ukirudi, kwa kawaida hurudi mapema, zaidi katika mwaka wa kwanza. Sasa una miaka 26, umepona. Kuhusu uzazi sitakuficha: siklofosfamaidi ikitolewa kwa wingi huweza kudhuru mayai ya mwanamke, kwa hiyo, ingawa hedhi yako haijawahi kusumbua, nenda na mchumba wako mkamwone daktari wa wanawake kabla ya ndoa, naye asikie kila kitu kutoka kwako.

Washenga wakija, faili lako la hospitali nitakuwa nalo. Wakiuliza ukoo, tutajibu mimi na baba yako.

Mama yako