Kabla hamjanunua programu ya kuhifadhi picha: jibu kutoka Malindi

Dada, nimesoma swali lako. Mko wanne kwenye timu ya masoko ya hoteli, picha na video zimetapakaa kwenye simu, flashi na makundi ya WhatsApp, na meneja anataka mlipie programu ya kila mwezi ili mambo yanyooke. Kazi yangu ni hiyohiyo hapa Malindi, kwa hoteli na nyumba za wageni, na rai yangu ni kwamba msinunue bado. Programu itapokea fujo mliyo nayo na kuihifadhi kwa malipo. Mnachokosa ni mtu wa kujua kila picha imetoka wapi, nani yumo ndani yake na inaruhusiwa kutumika wapi.

Teueni mmoja wenu awe mtunzaji. Kila kitu kiingie kupitia kwake, hata kama picha imepigwa na mkurugenzi mwenyewe. Mpiga picha akabidhi faili halisi kwa diski au kwa linki ya Google Drive, maana WhatsApp huipunguza picha na kufuta maelezo yaliyo ndani ya faili: tarehe, kamera, jina la mpigaji. Kama hakuna njia nyingine ila WhatsApp, aitume kama hati ("Document"), si kama picha.

Majina ya faili msiyafanyie mjadala mrefu. Mwaka, mwezi, siku, kisha mahali na kilichomo: 2025-02-14_ufuo_ngalawa_asubuhi. Tarehe ikitangulia namna hiyo, faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Marufuku maneno kama "mwisho" na "mwisho kabisa". Wekeni namba ya toleo.

Sasa kuna jambo ambalo miongozo mingi hailigusi na kwetu pwani ni kubwa: msimu. Mvua zikishika, Mto Sabaki huteremsha udongo baharini na maji ya ufuo wa mjini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukichukua picha ya bahari ya buluu ya wakati wa kaskazi, msimu wa pepo za kaskazini mashariki, ukaiweka kwenye tangazo la Mei, mgeni atafika, ataona, na ataandika alichoona. Kwa hiyo kila picha ya nje tunaitia alama ya kaskazi au kusi (msimu wa pepo za kusini mashariki), na kwa miezi ya mvua tunatumia picha nyingine: vyumba, chakula, magofu ya Gede chini ya miti. Na kwa kuwa nimeitaja Gede, maandishi nayo ni mali ya kutunzwa. Tangu 2024 magofu yale yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na bado naona vipeperushi vya zamani visivyosema hivyo vikichapishwa upya. Kipeperushi chenye matoleo ya Kiingereza, Kiitaliano na Kijerumani kiwe na folda moja, pamoja na faili ya kazi ambayo mbunifu aliitumia, si PDF peke yake. Bei ikibadilika, yote matatu yaguswe siku moja.

Linaloninyima usingizi kwa niaba yenu ni vibali. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na sura ya mtu anayetambulika ni mojawapo. Mtoto anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Aliyeridhia anaweza kuondoa ridhaa yake baadaye, na hapo ndipo timu nyingi hukwama: picha ya bwana harusi na mkewe imeshasambaa kwenye tovuti, Instagram na kwa mawakala, na hakuna aliyeandika ilipopelekwa. Tengenezeni jedwali la kawaida kabisa. Jina la faili, nani amepiga, nani yumo, kibali kiko wapi, kinaruhusu nini, kinaisha lini, imetumika wapi. Kibali chenyewe kipigwe picha na kuwekwa kando ya faili. Msiwasahau wavuvi na akina mama wauza matunda ufukweni. Nao wana haki ileile aliyo nayo mgeni, na wengi hawajawahi kuulizwa. Waelezeni kwa Kiswahili picha inakwenda wapi kabla hawajatia sahihi. Na mkataba wa mpiga picha useme wazi hakimiliki ni ya nani na mnaweza kuitumia kazi yake kwa muda gani.

Nembo ikae mahali pake. Faili ya SVG ya asili (hukuzwa bila kupoteza ubora), PNG za skrini, PDF ya kuchapishia. Hoteli moja hapa ilitundika bango la barabarani lenye nembo iliyokwisha kubadilishwa, kwa sababu mchapishaji alikuwa ameiweka ile ya zamani kwenye kompyuta yake. Mpeni mchapishaji linki ya folda mnayoisimamia nyinyi, na za zamani zihamie folda isiyoonekana na watu wa nje.

Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya kuhifadhia vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Hewa ya chumvi na umeme unaokatika hapa haviihurumii diski iliyo peke yake.

Maneno ya kutafutia picha yaandikeni ndani ya faili yenyewe kwa programu ya digiKam au Adobe Bridge, ambazo hazina malipo. Maelezo hayo huandikwa kwa mfumo wa IPTC, utaratibu wa kawaida wa kuweka maelezo ndani ya picha, na huhama pamoja na picha hata mkibadilisha hifadhi. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo litakalowasaidia siku ya kununua. Siku yenyewe ni pale mawakala na waandishi wa nje watakapokuwa wanaomba picha kila wiki na mtunzaji wenu anashinda akituma linki. Mkifika hapo, niandikie hapa, nitakwambia maswali ya kumuuliza muuzaji.