Maswali na majibu: Amaan, Fadlu na deni la mabao mawili

Tangu Jumamosi ya Mei 17, 2025, Simba walipolala 2-0 kwa RS Berkane kule Morocco, sanduku langu la maswali limefurika. Marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ni Jumapili, Mei 25, Uwanja wa New Amaan Complex, Unguja. Barua nyingi zinauliza mambo mawili tu, uwanja na kocha wa Simba, Fadlu Davids. Nimezipanga nilivyoona inafaa. Walioniandikia matusi wasisubiri majibu.

Kwa nini tumenyang'anywa Kwa Mkapa? Huu si mpango wa Wamorocco? (Wengi, kutoka Temeke hadi Tabora)

Hapana, na naomba barua hizi ziishe. CAF, shirikisho la soka la Afrika, waliufunga Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa muda mwezi Machi mwaka huu, kabla ya robo fainali na Al Masry, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Ukafanyiwa ukarabati wa harakaharaka, ukafunguliwa, tukashangilia kama vile nyasi zimepona kwa makofi. Mvua za masika zikamaliza kilichobaki. Mwenye macho aliona linakuja.

Swali lenu lingepaswa kuwa jingine. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, yenye mamilioni ya watu, inacheza ligi KMC Complex, inacheza Afrika Kwa Mkapa, na fainali inaichezea ng'ambo ya bahari. Haina uwanja wake wa mechi. Mpangaji hapangi siku ya mwenye nyumba kubomoa choo. Yanga nao wasicheke, wapo chumba cha pili katika nyumba hiyohiyo. Azam, watoto wa juzi, wana Chamazi yao na hawajawahi kuandika barua ya kuomba funguo. Kila uchaguzi wa klabu tunaonyeshwa picha za uwanja wa kompyuta, tunapiga kura, tunarudi kupanga. Mnapomaliza kuwatukana CAF, waulizeni viongozi wenu hilo.

Amaan inaingiza watu kama 15,000, Mkapa 60,000. Bila ile kelele tutapinduaje matokeo? (Shabiki wa Msimbazi, Morogoro)

Mwezi Januari mwaka huu Simba walicheza na CS Constantine Kwa Mkapa bila shabiki hata mmoja, kwa adhabu ya viti vilivyong'olewa siku ya CS Sfaxien. Walishinda 2-0. Kelele ilikuwa sifuri. Nusu fainali na Stellenbosch ilichezwa hapohapo Amaan, Jean Charles Ahoua akapiga mpira wa adhabu, 1-0, na bao hilo moja ndilo lililowafikisha fainali.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1993 Simba walitoka sare ya 0-0 Abidjan na Stella Adjamé katika fainali ya Kombe la CAF. Marudiano yalikuwa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa wa zamani, watu wamejaa hadi hakuna pa kutema mate, kombe likionekana limeshaingia kabatini. Stella wakashinda 2-0. Miaka thelathini baadaye, Mei 2023, Yanga wakaanza fainali yao na USM Alger Kwa Mkapa, uwanja umefurika, wakafungwa 2-1. Walikwenda Algiers wakashinda 1-0 na bado wakakosa kombe kwa bao la ugenini (jumla ikiwa sawa, anapita mwenye mabao mengi ya ugenini). Fainali mbili za Afrika za klabu zetu, na zote mbili zilipotelea nyumbani, mbele ya kelele hiyo mnayoililia.

Na ule msemo wa "Kwa Mkapa hatoki mtu" tuutunze kwa ajili ya fulana. Jwaneng Galaxy wa Botswana walitoka, Oktoba 2021. Walikuwa wamefungwa 2-0 kwao, wakaja hapa wakashinda 3-1. UD Songo wa Msumbiji walitoka, Agosti 2019, kwa sare ya 1-1, na aliyewafungia, Luis Miquissone, tukamsajili miezi michache baadaye. Raja wa Morocco walitoka na 3-0, Februari 2023. Uwanja hukusaidia pale unapocheza vizuri. Ukicheza ovyo, watu 60,000 wanakuwa mashahidi tu.

Rekodi ya Simba nyumbani msimu huu kwenye michuano hii ikoje? (Msomaji, Mwanza)

Mechi sita, ushindi sita: Al Ahli Tripoli 3-1, Bravos 1-0, Sfaxien 2-1, Constantine 2-0, Al Masry 2-0, Stellenbosch 1-0. Mabao 11 ya kufunga, mawili ya kufungwa. Ukiziangalia vizuri utaona kitu ambacho wachambuzi wa redioni wanakiruka: ushindi wa tofauti ya mabao matatu haumo.

Simba wakishinda 3-1 si tunakuwa mabingwa? (Dereva bodaboda, Mbagala)

Hapana. Jumla inakuwa 3-3 na Berkane wana bao la ugenini. Wakifunga moja, wewe unahitaji manne.

Simba wakishinda 3-1 je? (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, soma jibu la bodaboda.

Kaka, Fadlu Davids huyu ni msaidizi aliyepandishwa cheo tu. Fainali inahitaji kocha mwenye jina. (Mdau wa soka, Sinza)

Ndugu yangu wa Sinza, wewe mwaka jana uliniandikia hivyohivyo kuhusu mwingine. Lakini hoja ina nyama, tuichambue.

Fadlu ni mtu wa Cape Town, Afrika Kusini. Akiwa kocha mkuu wa Maritzburg United, klabu isiyo na fedha za kutisha, aliifikisha fainali ya Kombe la Nedbank la huko mwaka 2018, wakafungwa 1-0 na Free State Stars. Halafu akawa msaidizi wa Mjerumani Josef Zinnbauer: Orlando Pirates, Lokomotiv Moscow, kisha Raja Casablanca, msimu wa 2023/24 Raja walipobeba ligi ya Morocco bila kupoteza mchezo. Simba walimchukua Julai 2024.

Mnaosoma mstari wa "msaidizi" mnaruka mistari yenye faida. Wa kwanza: amekaa msimu mzima ndani ya ligi ya Morocco. Anajua mpira wa kule unavyochezwa, unavyopoozwa, na jinsi mchezaji anavyoweza kulala chini dakika tatu akiwa mzima wa afya.

Wa pili ni mtamu zaidi. Mwaka 2022 alikuwa kwenye benchi la Pirates pamoja na Mandla Ncikazi. Robo fainali ya kombe hilihili walikuja Kwa Mkapa, wakafungwa 1-0 kwa penalti ya Kapombe, wakarudi kwao wakawatoa Simba kwa matuta (mikwaju ya penalti). Kwa hiyo uwanja wetu ameuonja kutoka upande wa wageni, na aliondoka hai. Pirates wakafika fainali, Uyo, Nigeria, Mei 20, 2022. Wapinzani? RS Berkane. Ikaisha 1-1, Berkane wakashinda kwa penalti 5-4. Mtu huyu hahitaji kuhadithiwa Berkane ni akina nani.

Kinachonitia wasiwasi kwake ni kitu kingine kabisa. Kule Berkane timu yake ilifungwa dakika ya 8 na ya 14. Timu inayoingia fainali imelala haiamshwi na wasifu wa kocha. Mpango wake wa robo saa ya kwanza nataka kuuona Jumapili kuliko orodha ya klabu alizopita.

Na kocha wao? (Mama wa watoto watatu na mpenzi wa soka, Tanga)

Asante dada, hili ndilo swali nililolisubiri na wewe pekee umeliuliza. Wengine wote mmeshughulika na wetu.

Moïne Chaâbani ni Mtunisia, beki wa zamani wa Espérance ya Tunis. Mwaka 2018 alikabidhiwa timu hiyo katikati ya michuano, akiwa na miaka 37. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, mechi ya kwanza Misri, Al Ahly wakamchapa 3-1. Wiki moja baadaye, Radès, akashinda 3-0 na kubeba kombe. Mwaka uliofuata akalibeba tena.

Sasa linganisha. Simba wana deni la mabao mawili kama alilokuwa nalo yeye. Yaani mtu tunayetaka kumfanyia maajabu ameshawahi kuyafanya, tena fainali. Anajua mwenyeji mwenye deni anavyoingia uwanjani na damu kichwani. Na kumbukeni Espérance hawakuvamia kama wezi wa kuku dakika ya kwanza: bao la kwanza lilikuja mwishoni kabisa mwa kipindi cha kwanza. Wanaopiga kelele kwamba Simba wafunge mawili ndani ya dakika ishirini wanamtakia Chaâbani mema. Ukipanda wote, mshambuliaji wao Lamlioui anabaki na uwanja mpana, na tayari ameshatufunga mara moja.

Upande wa matumaini upo, na hauko kwa kocha, uko kwenye historia ya klabu yao. Kabla ya fainali hii Berkane walikuwa wamelibeba kombe hili mara mbili, 2020 na 2022, na mara zote fainali ilikuwa mechi moja. Fainali za kwenda na kurudi walizocheza, 2019 na 2024, zote dhidi ya Zamalek, walishinda kwao kwanza, 1-0 na 2-1, wakaenda Misri wakafungwa 1-0 na kombe likabaki huko. Hata nusu fainali ya safari hii, baada ya kuwapiga Constantine 4-0, ugenini walifungwa 1-0. Sasa wana ubingwa wa ligi ya Morocco mkononi, wa kwanza katika historia yao, na sijui mguu wa bingwa aliyeshiba unakuwa mzito kiasi gani kwenye joto la Unguja. Simba wenyewe waliwafunga 1-0 Kwa Mkapa Machi 2022, bao la Sakho. Wanafungika. Ila moja halitoshi.

Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga. Nishangilie nani Jumapili? (Mtani, Jangwani)

Shangilia unayemtaka, lakini kabla hujafungua mdomo kumbuka USM Alger.

Nasafiri na vijana wangu kutoka Dar, tiketi bado. Inawezekana? (Baba, Kigamboni)

Mzee wangu, ukiwa na tiketi ya mechi mkononi, nenda. Ukiwa huna, baki na vijana wako mbele ya runinga. Amaan ni robo ya Mkapa na watu wa Unguja na Pemba nao ni mashabiki, tena hii ni fainali kwao mlangoni. Tiketi za walanguzi nje ya geti ni fedha ya kutupa. Na hili hukuuliza ila nalisema: panda boti za kampuni zinazojulikana, zenye ratiba, na ikijaa subiri inayofuata. Usikubali jahazi wala boti ya kichochoroni eti kwa sababu mechi imekaribia. Spice Islander ilizama 2011, Skagit 2012. Bahari ile haijali umevaa jezi ya nani.

Simba wakikosa kombe, Fadlu afukuzwe? (Mwanachama hai, Kariakoo)

Nilijua utakuja. Angalia makocha waliomtangulia. Aussems msimu wa 2018/19 alishinda mechi zote tatu za makundi ya Ligi ya Mabingwa nyumbani, akiwemo Al Ahly, na akapoteza zote tatu ugenini, mbili kwa 5-0. Timu ileile, kocha yuleyule. Akafika robo fainali, na kufikia Novemba 2019 hayupo. Gomes aliwafunga Al Ahly 1-0, akaondoka Oktoba 2021 baada ya Jwaneng. Robertinho aliwapiga Horoya 7-0, akaondoka Novemba 2023 baada ya zile tano alizofungwa na Yanga. Benchikha hakumaliza hata msimu. Makocha wamebadilika kama kondakta wa daladala, lakini viongozi wanaowachagua sura ni zilezile, na uwanja wa klabu bado uko kwenye picha. Fadlu ndiye wa kwanza kuwafikisha fainali tangu 1993. Ukimfukuza, naomba uniandikie utakayemleta, na sababu isiwe jina.

Toa utabiri basi, nina mkeka wa kubeti. (Kijana, Mbeya)

Siuzi mikeka, mwanangu, na hela ya mkeka kalipie kodi ya chumba. Lakini kwa kuwa umeuliza: mbili bila, ya kutupeleka kwenye matuta, ipo, wameshaifanya mara mbili msimu huu, na kipa Moussa Camara kwenye matuta aliwashinda Al Masry. Tatu bila sijaiona. Dakika ya 15 ikipita Berkane hawajafunga, nitakaa vizuri kwenye kiti. Wakifunga, nitaanza kuulizia boti ya kwanza ya kurudi.